Udongo Unaozaa na Shamba Langu la Etaji Sita

Kwa karibu miezi mitatu, nikiwa na akili timamu na diplome ya masomo ya jioni ukutani, niliamini kwamba kuna udongo unaozaa. Sisemi udongo wenye rutuba, huo kila mtu anaujua. Nasema udongo ambao ukiutia katika beseni na kuupa maji unashika mimba, unavimba, unazaa udongo mwingine, na yule mtoto naye akifikisha mwezi anazaa wa kwake. Nilielezwa kwamba kule Himbi kuna baba mmoja aliacha beseni chini ya kitanda akaenda kwenye kilio Rutshuru. Aliporudi baada ya siku tisa, mlango wa chumba haukufunguka. Udongo ulikuwa umejaa hadi kwenye kizingiti cha dirisha, na ilibidi wang'oe bati la paa ili waokoe godoro. Bibi yake, walisema, alikutwa jikoni akichunga unga wa muhogo, na udongo unamfuata nyuma taratibu kama paka.

Nilipoelezwa habari hiyo sikuuliza jina la huyo baba, wala nyumba yake iko njia gani. Niliuliza tu kama dirisha lilipona.

Unaweza kunicheka, lakini kumbuka mimi ni mtu wa Goma. Mtu wa mahali ambapo ardhi imekaa kimya tangu Adamu ana haki ya kubisha. Sisi tumeona ardhi ikizaliwa kwa macho yetu. Mlima wetu wa moto ukitapika, unalala una barabara unaamka una kilima. Kuna nyumba ambazo zamani watu walipanda ngazi tatu kuingia, na leo wanashuka ngazi tatu, na mwenye nyumba hakusogeza hata tofali. Ardhi ilikuja yenyewe, ikiwaka, ikapita katikati ya duka, ikaingia kanisani bila kupiga hodi. Sasa mtu aliyeona hayo ataanzia wapi kusema kwamba udongo hauzai?

Habari niliipata kwa mwenzangu wa benchi. Tulisoma masomo ya jioni pamoja miaka minne, yeye akinakili hesabu kwangu, mimi nikinakili Kifaransa kwake, na tukafaulu wote wawili kwa makosa yaleyale. Mchana aliuza vitu vya plastiki katika mtaa wa maduka wa Birere: mabeseni, bidoni, sahani, na viti vile vinavyosubiri mgeni mnene ndipo vivunjike. Yeye naye aliipata kwa dereva wa lori aliyetoka pwani. Na dereva wa lori, sisi tulivyohesabu wakati ule, ni mtu aliyefika mbali, kwa hiyo hawezi kudanganya.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa upande wa Bukavu, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, mwenye kuku kumi na wanne na ulimi wa kutosha kuku hamsini. Parseli yake yote, yaani kiwanja na ua, ilikuwa jiwe. Jiwe jeusi la mlima, lenye matundu kama mkate uliochacha, jiwe linalokula soli ya kiatu kipya katika wiki mbili na kuomba cha pili. Choo cha pale kilichimbwa kwa baramina, ule mtaimbo wa chuma, kwa muda ambao nchi nyingine zinajenga daraja. Ukipiga jembe linalia ngeee, na watoto wa mtaa wanakimbia wakidhani ni kengele ya shule. Mwenye kutaka kupanda hata kitunguu kimoja ananunua udongo kwa gunia, unaletwa kutoka upande wa Kibati juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na ukifika unapokelewa kwa heshima kuliko shemeji.

Ningeweza kuishi hivyo hadi kufa, nikinunua lengalenga zangu, mchicha wetu, sokoni kama mtu mstaarabu. Ila nilikuwa nimependa.

Mchumba wangu alikuwa anashona sare za shule karibu na Birere, kwenye kibaraza cha duka, mguu kwenye pedali ya mashine na pini tatu mdomoni. Kwao ni Masisi, kwenye vilima vya viazi na ng'ombe, na alikuwa amekua katikati ya kabeji zilizomzidi urefu. Hapo nimeongeza kidogo. Baba yake alikuwa ameshuka mjini na familia, na alipofika tu alitafuta kipande cha kukodisha kwenye njia ya Kibati, akapanda viazi kabla hata hajatafuta kitanda.

Nilikwenda kujitambulisha Jumapili moja, suti ya kuazima, viatu vimepakwa rangi, na diplome yangu ndani ya fremu ya kioo. Muzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama mbele, akaigeuza akatazama nyuma, kama anayetafuta mahali inapofungukia. Kisha akanirudishia.

"Ni kitu ya muzuri," alisema. "Batu banaikulaka na nini?"

Katika miaka minne hatukufundishwa diplome huliwa na mboga gani. Akaniuliza nimepanda nini, nikamweleza kwamba naishi juu ya jiwe. Akaniuliza baba yangu amepanda nini, nikamweleza kwamba baba ni karani. Halafu akasema neno lake, polepole, bila hasira.

"Mutoto wangu alilelewa na chakula ya mukono. Leta kitu mukono yako ilipanda, hata kama iko kidogo. Tutakula, njo tutaongea."

Siku ya mwisho aliiweka kikulima. Hakutaja tarehe. Alisema ni siku atakayochimba viazi vyake. Siku hiyo, kama sijaleta kitu, atamjibu mgeni mwingine aliyekwisha kuja kumwomba binti yuleyule: mwanaume mmoja wa Kalengera, mwenye shamba kando ya barabara, aliyekuja na gunia la maharagi, akalitua, akakaa, akanywa chai, akaenda. Hakusema maneno kumi. Nilimchukia kwa moyo wote. Mtu asiyejisifu ni mtu hatari sana.

Mchumba wangu alinisindikiza hadi barabarani. Aliniambia baba yake hajawahi kufanya mzaha tangu amjue, na kwamba huyo wa Kalengera yeye hamtaki, lakini hawezi kumpinga baba kwa ajili ya mwanaume aliyeshindwa na lengalenga. Akaanza kunieleza kitu, kwamba kwao hata mahali pa jiwe mtu anaweza kujaza gunia udongo, akauchanganya na kitu fulani cha kuku. Nilimkatiza kwa upole. Nilimwambia mambo ya ufundi aniachie mimi. Alinitazama, akachomoa pini moja kwenye kola yake, akaichomeka tena palepale, akarudi ndani.

Kesho yake nilikuwa Birere, mbele ya mabeseni ya mwenzangu, nikimsimulia msiba wangu. Ndipo alipofunga duka nusu, akanivuta ndani, na kunieleza habari ya udongo unaozaa na yule baba wa Himbi. Kisha akanionyesha. Yalikuwa matofali manne ya rangi ya kahawia, mepesi kama mkate mkavu, yamefungwa katika karatasi yenye picha ya mnazi. Sisi Goma hatuna mnazi. Nazi tunaiona imekwisha kuvunjwa, vipande vyeupe kwenye sahani ya muuzaji. Lile koti lake la nje lenye nyuzi hatulijui, kama tusivyojua askofu analala na nguo gani.

Alitia tofali moja kwenye beseni, akamimina maji. Kwanza hakuna kitu. Halafu likaanza kulia kidogo, tss, tss, pembe zikalainika, likapumua, likapanda. Lilipanda kama uji unaotaka kumwagika. Ndani ya muda wa kunywa fanta moja, tofali la kushika kwa mkono mmoja lilikuwa limejaza beseni zima, laini, jeusi, linanukia mvua. Nilipiga magoti pale dukani. Si kwa dini, nilitaka kulisikia linapumua.

Pamoja na matofali aliniuzia vyungu sita vya plastiki ya kijani, kila kimoja kina midomo minne pembeni, vinavyopandana kimoja juu ya kingine kama etaji za nyumba ya ghorofa. Mboga inapandwa kwenye midomo, alisema, na shamba zima linakaa mahali pa kukaa mtu mmoja aliyesimama. Nilimpa redio yangu, na tukahesabu tumemalizana. Nikiwa mlangoni nilikumbuka kuuliza kuhusu mbolea. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama yule wa benchi la nyuma.

"Mama ya mimba," alisema, "unamulisha mavi?"

Hoja hiyo ilinimaliza.

Niliporudi nyumbani niliketi na kalamu. Tofali moja ni beseni moja. Mwenzangu alisema uzao mmoja ni mabeseni saba. Saba kwa saba, kwa saba tena, niliendelea hadi karatasi ikaisha nikamalizia kwenye ukuta. Kwa hesabu yangu, ikifika Pasaka ningekuwa nimefunika jiwe lote kutoka uwanja wa ndege hadi ziwani, na nilianza kujiuliza udongo ukifika mpakani nani ataupigia muhuri. Niliwaza hata nitakavyomwambia muzee: papa, chagua kilima unachotaka, nitakitengeneza. Huyo wa Kalengera nilipanga kumwajiri.

Matofali matatu niliyajazia vyungu. La nne nililiweka katika beseni chini ya kitanda, nikalifunika kitambaa, lipate utulivu wa kuzaa. Kila asubuhi niliingia chini ya kitanda na rula ya shule kupima. Siku ya tatu lilikuwa limeongezeka sentimita mbili. Nilicheza chumbani peke yangu. Ni kweli kwamba usiku nilikuwa nimeongeza maji na lilikuwa linaelea, lakini sikutaka kumharibia mtu furaha kwa mambo madogo, hasa mtu huyo akiwa mimi.

Mama mwenye parseli alikuwa na mazoea ya kupita mlangoni kwangu akitoka misa. Nilikuwa nimemsimulia habari ya beseni, kwa sababu udongo ungejaa nyumba yake na nilitaka aelewe mapema. Kuanzia siku hiyo aliniita Profesa. Kila asubuhi alisimama na rozari mkononi akauliza kama mzazi anaendelea vizuri, kama uchungu umeanza, kama atume mtu wa maternité, hospitali ya uzazi. Majirani walianza kunisalimia kwa kunipa pole ya mke. Muuza mkaa aliniletea, kwa uso mkavu kabisa, kofia ndogo ya mtoto mchanga.

Lakini mboga ziliota. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo lililonipoteza kabisa. Nilipanda lengalenga kwenye etaji zote sita, na siku ya tano midomo ishirini na minne ilikuwa imetoa ulimi wa kijani. Nilitembea mjini kama gavana. Kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, nilimweleza dereva, na alipokuwa ananishusha nilimweleza mara ya pili. Kanisani nilitoa ushuhuda ambao mchungaji aliukatisha mara mbili kwa wimbo. Nilimtumia mchumba wangu ujumbe kwamba etaji ya kwanza tutakula sisi, ya pili muzee, na nne zilizobaki zitalisha wageni wa harusi. Alijibu kwa neno moja: tutaona.

Na tuliona. Mboga zilipofika urefu wa kidole gumba zilisimama. Zilisimama kama watu waliofika mahali wakakumbuka wamesahau kitu nyumbani. Wiki ya kwanza nilisema zinapumzika. Wiki ya pili nilisema ni aina fupi, ya Ulaya. Wiki ya tatu majani yalikuwa ya njano, madogo kama kucha, na shina jembamba kiasi kwamba inzi akitua linainama kumpisha. Maji nayo yalikuwa yanashuka yanavyotaka. Nilikuwa namwagia etaji za chini, kwa sababu ndizo mkono unafika bila kuinua ndoo juu. Juu kulikuwa Sahara, chini kulikuwa kinamasi, na kwenye kinamasi mbu walikuwa wamefungua shule ya msingi.

Chini ya kitanda mambo yalikuwa na harufu. Beseni lilikuwa halijazaa udongo, ila lilikuwa limezaa vijinzi vidogo vyeusi, vingi, vilivyopanda juu kila nilipofunua kitambaa. Nilifurahi sana. Niliona ni dalili.

Mama mwenye parseli aliacha mzaha siku moja. Alisimama mbele ya etaji zangu, akashika jani moja kwa vidole viwili, na kuniambia kwamba nyuma ya banda lake la kuku kuna lundo limekauka tangu mwaka uliopita, nichukue bure, kwa koleo lake mwenyewe. Nilimjibu kwa Kifaransa. Nilimweleza kwamba teknolojia hii haichanganywi na kinyesi, na nikamtajia diplome. Alisema sawa, Profesa, akaondoka na rozari yake, na nikasikia kuku wote kumi na wanne wakicheka.

Mchumba wangu naye alikuja, Jumamosi baada ya kazi. Alizunguka etaji mara moja. Aliingiza kidole kwenye chungu cha juu, akakitoa kikavu. Akaingiza kwenye cha chini, akakitoa kinadondoka. Aliniambia mboga ziko na njaa. Nilicheka. Nilimfafanulia habari ya mimba, ya mabeseni saba, ya baba wa Himbi na bati la paa, kwa saa nzima, na kila alipofungua mdomo nilinyoosha kidole kumwomba asubiri nimalize. Nilipomaliza ilikuwa imefika saa ya yeye kurudi kwao. Mlangoni alisema baba yake ameonja kiazi kimoja juzi. Ngozi bado laini, lakini ni siku chache. Na kwamba muzee amebadili mpango: hataki niende kwake na mboga, atakuja yeye mwenyewe kwangu Jumapili, akate kwa mkono wake, apikiwe palepale.

Jumapili. Ilikuwa Jumamosi.

Hapa inabidi nieleze jambo la aibu, na nitalieleza haraka. Jumapili asubuhi na mapema nilikuwa sokoni. Nilichagua mafungu manane ya lengalenga, mazuri, mapana, yenye mizizi bado ina udongo wa mtu mwingine, yamefungwa kwa kamba za mugomba. Nikarudi mbio, nikang'oa vitoto vyangu vya njano, nikazichomeka zile za soko katika midomo yote. Ilikuwa ajabu. Etaji sita za mboga pana, zimeinama kila upande kama wanakwaya. Nilirudi nyuma hatua tano nikazitazama, na naapa kwamba kwa dakika kadhaa niliamini nimezipanda mimi.

Muzee alisema atafika saa nne. Alifika saa saba, baada ya ibada mbili. Na lengalenga iliyong'olewa, hata ukiitia kwenye udongo unaozaa, ina heshima kwa jua la Goma. Ilipogonga saa sita zilianza kulala. Saa sita na nusu etaji ya juu ilikuwa imezimia. Nilizimwagia maji, nikazipepea kwa diplome. Walipoingia uani, muzee mbele na kofia yake, mchumba wangu nyuma na kitenge kipya, shamba langu lilikuwa limening'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Mama mwenye parseli alitoa kiti chake bora, akakaa, akakunja mikono. Hakutaka kukosa kitu.

Muzee alisalimia, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye chungu cha tatu. Alishika lengalenga moja chini kabisa, karibu na mzizi, kama mtu anayejua, na kuvuta kidogo tu. Zilitoka sita. Zilitoka pamoja, fungu zima, na katikati yake, safi, imefungwa fundo la kisoko, ile kamba ya mugomba.

Kwa haraka ya asubuhi nilikuwa sikuifungua.

Alilitazama fungu. Alifungua fundo taratibu, akaizungusha kamba kwenye kidole, akaiweka mfukoni, maana mkulima hatupi kamba. Nilisubiri anifukuze. Mama mwenye parseli, ambaye nilitarajia acheke hadi Bukavu wasikie, alikuwa ametazama chini. Hilo lilinitisha kuliko kicheko.

"Zako ziko wapi?" muzee aliuliza.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikazileta, ndani ya sahani. Vitoto ishirini na vitatu vya njano, kimoja kilikuwa kimeliwa na kuku. Alichukua kimoja, akakiweka kwenye kiganja chake, na kwenye kiganja kile kilionekana kama uzi. Akaniuliza kilikula nini. Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, mimba, beseni, saba kwa saba, baba wa Himbi, mama ya mimba na mavi. Nilikuwa nimeyasimulia mara mia na yalikuwa matamu kila mara. Mbele ya muzee yule, kwa mara ya kwanza, nilijisikia ninavyosimulia, na kila sentensi iliyotoka ilikuwa fupi kuliko niliyoizoea. Nilipofika kwa bibi anayefuatwa na udongo jikoni, niliacha katikati.

Muzee alimgeukia binti yake.

"Weye ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza, papa."

"Na haukumuambia?"

"Hakuniuliza. Nilianza mara tatu. Anakuwaka na maneno mingi."

Sijawahi kupigwa kofi laini kiasi kile. Muzee alikirudisha kitoto kwenye sahani, akavaa kofia, akaivua tena. Alisema kwamba kumdanganya kwa mboga za soko ni vibaya, na ataniambia hivyo mbele ya baba yangu siku familia zitakapokaa. Nililisikia lile neno "zitakapokaa" lakini sikuthubutu kulishika. Alisema pia kwamba yule wa Kalengera ni mtu mzuri na anangoja jibu. Halafu alitazama barabara ya Kibati, kule viazi vyake vilikokuwa, kama anayeviomba radhi.

"Viazi, nitaviacha mu udongo Jumapili ine tena, mwezi muzima," alisema. "Vitaoza kidogo, haina neno. Lengalenga ya mutu mwenye akili inakomaaka mu zile siku. Lakini hapana kuniuliza miye namna ya kupanda. Uliza huyu. Sasa, uliza, miye nisikie."

Akakaa kwenye kiti ambacho mama mwenye parseli alikuwa amekiinukia, akaweka mikono magotini, akasubiri.

Nilikuwa nimesoma miaka minne. Nimejibu maswali ya mitihani, nimeuliza bei ya kila kitu kilichopo Birere, nimewauliza madereva, mafundi, wachungaji. Huyu sikuwa nimemuuliza hata moja. Mchumba wangu alikuwa amechukua konzi ya ule udongo wangu kutoka kwenye chungu cha chini. Aliukamua. Maji yakatiririka kwenye kiwiko chake, na mkononi zikabaki nyuzi za kahawia, karibu kavu, kama manyoya ya mnyama mzee.

Nikamuuliza hii ni kitu gani, na mboga inataka nini.

"Hii haiko udongo," alisema, "na haizalake. Ni nyuzi za ganda ya nazi, iliandikwa ku ile karatasi ya picha ya munazi. Ilivimba sababu ilikuwa imekauka, ikanywa mayi, basi, imeisha. Inakamataka tu mayi, haina chakula. Chakula ni ile mavi ya kuku ya mama, ya kukauka, uchanganye beseni moja kwa beseni tatu za hii, na mayi umwangie huku juu, itashuka yenyewe."

Nilimgeukia mama mwenye parseli, nikamwomba koleo lake.